Siku moja maishani mwangu: kukimbizana na jua, Paje hadi Forodhani

Saa 11 na nusu alfajiri. Nipo ufukweni Paje, kamera ishakaa juu ya tripodi. Huku mashariki ya Unguja jua hutokea baharini, na hupanda mbio. Ule mwanga laini wa asubuhi haungoji mtu. Mipangilio nishaimaliza gizani: ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga, wa chini), picha za RAW, yaani ghafi, betri ya akiba mfukoni.

Saa 1. Mwanga unakuja ubavuni, kila mkunjo wa mchanga una kivuli chake. Mchanga wenyewe mweupe mno, kamera hudanganyika ikautoa wa kijivu. Naongeza mwangaza stopu moja, yaani mara mbili.

Saa 3. Leo bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana. Yatakupwa kabisa kwenye saa 4, na akina mama wa mwani washaanza kushuka. Taabu ya bamvua ndiyo hiyo: maji yakitoka, jua nalo lishakuwa kali.

"Shikamoo bibi, naomba nikupige picha."

"Marahaba. Utaniletea, au utatokomea nazo kama wenzako?"

Nimemwahidi za karatasi. Kofia yake pana ya ukili inamtia kivuli usoni, basi nachutama hadi magoti yanalowa. Kutoka huku chini maji yanaonekana yakimrudishia mwanga kidevuni na mashavuni. Napima mwanga usoni pake. Anga liungue liwe jeupe tupu likitaka, sura yake isipotee kizani.

Saa 6 mchana. Jua utosini, macho ya watu yote mashimo meusi. Nakula, napanda daladala kurudi mjini.

Saa 9. Maharusi, Mji Mkongwe. Kazi inayolipa kodi ya nyumba. Vichochoro ni vyembamba, jua linagonga kuta nyeupe juu na kushuka likiwa limepoa. Nawasimamisha mlangoni, hatua moja ndani ya kivuli, nyuso zielekee nje. Flashi haitoki mkobani.

Saa 12 jioni. Forodhani, bustani ya ufukweni hapa Mji Mkongwe. Maji yalijaa saa 10, bado yanatosha vijana kujirusha kutoka ukutani. Naelekeza kamera juani watoke weusi kama vivuli, spidi 1/1000 ya sekunde, napiga mfululizo. Nachagua ile ambayo mikono imeachana na kiwiliwili, maana umbo likishikamana linakuwa gunia tu. Jua likizama wengi hufunga mikoba. Mimi nangoja kidogo, rangi nzuri huja baadaye.

Saa 3 usiku. Kitambaa chenye unyevu kidogo kwa chumvi, brashi kwa mchanga. Lenzi zinaingia kwenye kasha lenye vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, la sivyo unyevunyevu wa pwani utaziotesha ukungu. Picha nakopi mahali pawili, ndipo nafuta kadi.