Mradi wa mifongo: mizani ya saba ndo imefungua kila kitu

Jamani imekubali! Shairi la shangazi kuhusu mifongo ya Old Moshi (ile mifereji ya asili ya Wachaga ya kuleta maji toka mlimani), lile la kwaya na violini mbili na chelo, ubeti wa pili umeimbika jana pale Majengo na hakuna aliyecheka.

Tatizo walimu wa kwaya mnalijua, melodi inanoga ubeti wa kwanza, wa pili inakataa. Kipande cha "Maji ya mlima shuka" nilikiweka kwenye nne kwa nne, yaani mapigo manne kila baa (fungu la mapigo), silabi nane baa moja, pigo zito juu ya MA na LI, tamu kabisa. Sasa leta "Mfereji wanyamaza" kwa melodi hiyohiyo: pigo zito linaangukia M na WA, besi wanabaki wanatoa mmmm kama trekta lililogoma kuwaka, mpaka mzee mmoja wa sauti ya nne akaniuliza, "Mwalimu, hapa tunaimba au tunatafuna?"

Nikarefusha RE, nikaongeza noti, nikahamisha, kila nikiponya mstari huu ule unaugua. Nilikaribia kumwomba shangazi abadilishe maneno ila nani wa kuthubutu, yule mama alikuwa mwalimu na fimbo yake bado naikumbuka.

Basi nikaanza kulisoma shairi kwa sauti huku nagonga meza, nikashtuka: kila kipande, maneno yagawanyike yanavyotaka, mkazo wa mwisho uko mizani ya saba, yaani silabi ya saba kati ya nane. SHUka. nyaMAza. "Tuliukuta mzima", ZI. Na lazima iwe hivyo, si neno linaishia palepale na sisi tunakaza silabi ya pili toka mwisho! Nikafuta baa zote. Mizani sita za kwanza ni noti fupi zinakimbia ndani ya baa moja, ya saba ndo pigo la kwanza la baa inayofuata, ndefu, ya nane inatua. Utamu uko kwenye zile sita, "Mfereji" inataka mbilimbili, "Tuliukuta" inataka tatutatu, kwahiyo kwaya inayumba yenyewe kati ya tatu kwa nne (mbilimbili mara tatu) na sita kwa nane (tatutatu mara mbili), sijaandika alama yoyote. Sharti moja tu, nyuzi zisigonge: upinde mmoja mrefu baa nzima, maana violini akikata kila pigo waimbaji wote wanamfuata.

MuseScore, programu ya kuandikia muziki kwenye kompyuta, ni ya bure na naipenda, ila kwenye maneno usiiamini hata kidogo, kwaya yake inaimba "aaa" tu, so ile "Mfereji" mbovu kwenye spika ilisikika safi. Halafu kwaya wanasoma solfa (do-re-mi), wa nyuzi wanasoma noti za mistari mitano, kila kitu naandika mara mbili, solfa kwa biki kabisa. Viola (ndugu ya violini mwenye sauti nzito zaidi) hatuna, kazi yake kapewa violini ya pili, ikifika G ya uzi wa mwisho basi, chini ya hapo chelo abebe.

Ubeti wa tatu nilipanga uwe kanoni, sauti ya kwanza na ya tatu zifukuzane. Nimeiweka pembeni, maana tukiwa tunakunja viti mpiga chelo akawa anadonoa nyuzi kwa kidole, mbilimbili, na akinamama wa sauti ya pili wakamwimbia tatutatu juu yake, hawakugongana mpaka saba ikawakutanisha!! Najua nimesema nyuzi zisigonge. Nimeshaandika baa nane za hiyo kitu, Jumamosi tunaijaribu, na mwenye uzi wa C wa chelo wa akiba hapa Moshi anitafute, wa kwetu umeanza kufumuka.