Jedwali lilivyonionyesha kwa nini nilikuwa nagonga kwenye iRacing

Kwa miezi miwili nilikuwa namaliza mbio za magari ya Mazda MX-5 kwenye iRacing, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari, nikiwa wa 9 au wa 10, na nilijua kabisa tatizo ni kasi. Basi nikawa nazunguka uwanja wa Lime Rock Park peke yangu hadi usiku wa manane. Muda ukapungua, nikafurahi. Nikiingia kwenye mbio, mambo yaleyale. Hapo ndipo nilipofungua Google Sheets.

Jedwali la kwanza lilinishinda. Nililijaza safu wima 23: joto la lami, mafuta, idadi ya magari, hata saa niliyoanza kucheza. Siku ya tatu nikachoka. Dada yangu, ambaye kazi yake ni kuweka hesabu za duka, akaliangalia akaniuliza, "Mdogo wangu, namba hii ikipanda au ikishuka, wewe utabadilisha nini?" Kwa safu nyingi sikuwa na jibu, nikazifuta. Zikabaki nane: tarehe, uwanja, nafasi ya kuanzia, nafasi ya kumaliza, mzunguko bora, mzunguko wa katikati, alama za makosa, na kosa lilitokea kona gani, mzunguko wa ngapi.

Huo mzunguko wa katikati naupata kwa fomula ya MEDIAN, inayopanga muda wa mizunguko yote na kuchukua ule ulio katikati. Mwanzoni nilitumia wastani, lakini gari likiteleza na kugeuka mara moja tu na kupoteza sekunde 20, wastani wote unaharibika. Kingine nilichojifunza ni kutolinganisha muda wa leo na wa jana. Lami ikiwa ya moto matairi hayashiki vizuri, kwa hiyo unaweza kuendesha vizuri zaidi na bado ukawa polepole. Siku hizi natoa mzunguko bora kwenye ule wa katikati wa mbio hizohizo. Pengo likiwa dogo, najua nimeendesha kwa utulivu.

Lakini safu iliyonifungua macho ni ile ya makosa. iRacing hukupa alama 1 ya kosa ukitoka nje ya njia, 2 gari likikuponyoka, na 4 ukigongana kwa nguvu na mwenzako. Baada ya mbio 30 nilizihesabu kwa SUMIFS, fomula ya kujumlisha kwa masharti, kona kwa kona. Zaidi ya nusu ya alama zangu zilitoka mahali pamoja: Big Bend, kona ya kwanza, katika mizunguko miwili ya mwanzo.

Nilirudia kutazama rekodi za mbio hizo nikaona sababu. Nilikuwa nafunga breki palepale ninapofunga nikiwa mazoezini. Mazoezini niko peke yangu na matairi yameshapata moto. Mbio zikianza matairi ni baridi, na gari la mbele linanikatia upepo, kwa hiyo nafika kwenye kona nikiwa na kasi kubwa kuliko niliyoizoea. Breki ileile haitoshi hata kidogo. Nikamgonga wa mbele, au nikatoka nje nikimkwepa.

Dawa yake ilikuwa kufunga breki mapema, kama urefu wa magari mawili hivi, kwa mizunguko miwili tu, kisha kurudi kufunga pale ninapofunga kawaida. Mara ya kwanza niliumia moyo kuona watu wawili wananipita hapo. Mmoja wao nilimkuta kwenye majani kona iliyofuata.

Kasi yangu haikubadilika. Mzunguko wangu bora uko karibu palepale ulipokuwa. Ila leseni yangu ya mchezo imepanda kutoka Rookie, ngazi ya wanaoanza, hadi D, na sasa namaliza wa 4, wa 5. Kwenye hesabu ya alama za Big Bend kuna sifuri 11 mfululizo. Makosa yaliyobaki yamehamia mizunguko ya mwisho, ninapomfukuza mtu aliye karibu, kwa hiyo jana nimeongeza safu ya tisa: umbali wa gari la mbele, kwa sekunde.