Karani wangu wa posta

Baba mkwe bado yuko kwetu. Mnaonifuatilia mnajua alikuja kwa ajili ya macho. La kulia limeshapasuliwa, la kushoto linasubiri. Sasa hilo jipya halitulii. Kasoma magazeti yote ya nyumbani, kasoma vitabu vya Neema vya shule, kasoma hata karatasi ya maelezo iliyokuja na feni. Jumapili jioni nikamkuta barazani na mswada wa riwaya yangu mapajani, ule niliouprinti stesheneri ukabanwa spairo ili niusahihishe kwa kalamu nyekundu. Sikumpa. Aliutoa mwenyewe juu ya friji.

Wiki hii baba Neema kapata barua ya uhamisho kwenda Dodoma, mdogo wangu kule Morogoro kajifungua mapacha, na mock ya kidato cha nne imeanza. Mtu mwenye akili timamu angekuwa anawaza hayo. Mimi nawaza sentensi moja.

Ilikuwa hivi. Nimetoka jikoni na sahani ya machungwa. Akachukua moja, akaanza kulimenya kwa kile kisu chake kidogo, ganda linashuka refu bila kukatika, wala haangalii. Akasema:

“Mama Neema, huyu karani wa posta umemtoa wapi?”

Nikamwambia, “Huyo nimembuni tu, baba. Hakuwepo.”

“Ahaa. Ndiyo maana. Wa kweli wote wana wenyewe.”

Basi. Ganda likaanguka kwenye sahani, akauliza kama ule ukwaju wa jana umebaki.

Ukwaju ulikuwepo. Nikaenda kuuleta, na nikiwa nimeshika mlango wa friji ndipo maneno yakaniingia.

Kwa wageni wa hapa: riwaya yangu inahusu kuuawa kwa Eduardo Mondlane. Mambo yenyewe ya kweli yanajulikana. Jumatatu ya 3 Februari 1969, huyu rais wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, alipitia ofisini kwao Mtaa wa Nkrumah, Dar es Salaam, akachukua barua zake, akaenda kufanyia kazi Oyster Bay, kwenye nyumba ya rafiki yake Mmarekani, Betty King, mahali penye upepo wa bahari na utulivu. Kati ya barua hizo kulikuwa na kifurushi cha kitabu. Alipokifungua kikalipuka. Alikuwa na miaka 48. Akazikwa Kinondoni, na miaka baadaye mabaki yake yakapelekwa Maputo. Vidole vilielekezwa PIDE, polisi wa siri wa Ureno. Vingine vikarudi ndani ya chama chenyewe, ambacho tayari kilikuwa kimepasuka. Mpaka leo hakuna aliyesimamishwa kizimbani.

Mimi hapo katikati, kati ya meli na meza ya Betty King, nikamweka Zuberi. Karani wa kuchambua barua pale Posta, kijana mwenye madeni, anayelipwa na bwana mmoja wa baa ya hoteli ya New Africa ili kifurushi kipite bila kuguswa. Sura ya 9 anapokea bahasha. Sura ya 14 anaokotwa ufukweni. Nilijivunia sana sura ya 14.

Tangu Jumapili nimeisikia ile sentensi kwa kila sauti. Kwanza niliisikia kama sifa: baba anasema nimefanya busara kubuni mtu, kwa sababu wa kweli wana familia na wanasheria. Usiku nikaisikia kama kicheko. Jumatatu asubuhi kwenye daladala, nimebanwa dirishani pale Buguruni, nikaisikia jinsi ninavyohofia ndivyo alivyoisema: wakubwa umewaogopa, ukamtafuta mdogo asiye na wa kumsemea ukamtwika mzigo. Na huyo mdogo ukamtafuta Posta, mahali ambapo mimi mkweo nimefanya kazi mpaka nikastaafu.

Msianze kuandika kwenye maoni kwamba mzee ndiye Zuberi. Hapana. Yeye aliingia Posta mwaka 1970, bado ikiitwa ya Afrika Mashariki, Mondlane ameshazikwa. Hiyo ingekuwa riwaya rahisi kuliko yangu.

Kilichoniuma ni kwamba nilipoanza kuhesabu, nilikuta ana hoja. Angalieni orodha yangu ya watu. Mondlane mwenyewe ana chuo kikuu kizima Maputo chenye jina lake, na 3 Februari kule ni sikukuu ya mashujaa. Mjane wake, Janet, aliyeongoza Taasisi ya Msumbiji pale Kurasini, nimemwandika kwa adabu utadhani ananisimamia nyuma ya kiti. Uria Simango, makamu wa rais, ndiye aliyenipa tabu zaidi. Alinyimwa urithi wa uongozi, akafukuzwa, na baada ya uhuru akauawa bila kesi. Kwa muda mrefu hakuwa na wa kumtetea, lakini wanawe walikua: Daviz akawa meya wa Beira, akaanzisha chama cha MDM mwaka 2009. Simango ana wenyewe. Kila nilipomsogeza karibu na kile kifurushi, mkono ulikuwa unarudi wenyewe, nafuta. Lázaro Kavandame, kiongozi wa FRELIMO aliyevuka kwenda kwa Wareno mwaka huohuo wa 1969, naye nikamzungukazunguka tu. Hata PIDE wana kumbukumbu zao Lisbon ambazo mtu anaweza kunifungulia akaniambia tarehe hii si kweli.

Zuberi hana faili popote. Ndiyo maana anafaa.

Nikajitetea kimoyomoyo, kwa ukali, kama naongea na kamati. Riwaya ya namna hii ina ugumu ambao riwaya ya mapenzi haina: msomaji anakuja akijua nani atakufa. Yule Mwingereza, Frederick Forsyth, aliyetoa kitabu mwaka 1971 juu ya muuaji wa kukodiwa anayemwinda de Gaulle, rais wa Ufaransa, alikuwa na nafuu yake. Kila aliyefungua kitabu alijua de Gaulle amefia nyumbani kwake Colombey Novemba 1970, kwa maradhi, kwa hiyo ile risasi lazima ikose. Na bado watu walikesha nacho. Alianza na shambulio la kweli la Petit-Clamart, Agosti 1962, akaingiza viongozi wa kweli, kisha akamwachia kazi mtu asiyekuwepo, ambaye hata jina lake halisi hatulijui. Mtu wa kubuni ndiye anayemkosakosa mtu wa kweli. Hakuna ukoo utakaolalamika.

Mimi mtu wangu wa kweli anakufa. Siwezi kumwokoa, na siwezi kumficha msomaji asijue. Kilichobaki cha kumkalisha macho ni kimoja tu: kifurushi kilipita mikononi mwa nani? Na mkono huo nisipoubuni, nitakuwa nimemshitaki mtu ambaye mahakama haikumshitaki. Sasa baba alitaka nifanyeje? Niandike jina la nani pale?

Hayo yote nilikuwa namwambia chungu cha maharage.

Halafu mawazo yanaruka. Nikakumbuka habari ya Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje wa Kenya aliyeuawa Februari 1990, maana tulifundishwa majina ya mawaziri na tume lakini aliyeukuta mwili kule Got Alila alikuwa kijana mchunga ng'ombe. Alienda machungani kama kila siku. Katika kesi zote hizi yupo mmoja wa aina hiyo pembeni ya picha, dereva, mpishi, mlinzi, na mwandishi akihitaji msaliti huwa anaangalia upande huohuo. Hata mimi, mwalimu wa Historia, ninayewapigia kelele watoto kwamba historia si ya wakubwa peke yao.

Nililala na hasira. Sijui hata nilimkasirikia nani.

Jumatano nikarudi nimechoka na rundo la karatasi za mock, nyumba kimya, taa ya barazani inawaka. Baba kalala. Mswada uko mezani umefungwa vizuri, na ndani yake kuna penseli. Nikafungua sura ya 9, na mwandiko wake ule wa enzi za kalamu za wino, herufi zimelala upande mmoja, umejaa pembeni mwa kurasa.

“Hapa si kweli. Karani hawezi kukaa peke yake na mfuko. Wanakuwa wawili.”

“Kifurushi cha nje kinapita forodha kwanza. Kwenye sanduku anawekewa karatasi tu, aje nayo dirishani.”

“Kama kilikuja kwa nauli ya vitabu, kisifungwe gundi pande zote. Sharti karani aweze kuchungulia. ANGECHUNGULIA?”

Hilo la mwisho kalipigia mistari miwili chini. Nikakaa chini na mkoba bado begani. Miezi mingapi nimehangaika na sura hii? Nilikuwa nimemfanya Zuberi alipwe ili asifungue. Sikuwahi kujua kwamba kazi yake ilimruhusu kufungua, kwamba nauli nafuu ya vitabu ilikuwa na bei yake, kwamba kwa muda wa kufumba na kufumbua anashika uzi, anaweza kuuvuta au kuuacha. Hapo ndipo riwaya ilipo! Si kwenye baa ya New Africa na yule bwana mwenye suti nyeupe, ambaye sasa nikimtazama naona kabisa nilimtoa kwenye sinema.

Nilicheka peke yangu. Nikachemsha chai saa tano usiku nikaanza kuandika nyuma ya mtihani wa majaribio wa mwaka jana.

Alhamisi alfajiri nikamwahi kabla ya uji.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umeziona?”

“Nimeziona. Baba, na hao wawili wanaokaa na mfuko, mmoja akienda chooni?”

Akafurahi, nakwambieni. Akanieleza kibao cha kupangia barua kilivyokuwa na vyumba, namna mkono unavyojifunza mpaka macho yanabaki kwa ajili ya kupiga soga tu, muhuri unavyopigwa na sauti yake, mfuko wa turubai unavyofungwa kwa lakiri ya madini ya risasi. Akasema kitabu ukikishika ndani ya karatasi unakijua, kina ukingo mmoja wa mviringo na mitatu iliyonyooka, huhitaji kusoma lebo. Akafanya kwa mikono, kashika hewa, kaipima. Nikamwomba arudie.

Nilitaka kumuuliza pale pale, baba, Jumapili ulimaanisha nini. Swali likafika kwenye meno. Badala yake nikasema, “Zuberi simfuti lakini.”

“Nani kakwambia umfute? Mtu mbaya anaweza kuwa karani. Mimi nimefanya kazi na wezi.” Akapuliza uji. “Ila na yeye atafutwe. Mtu haokotwi ufukweni halafu kimya.”

Kwa hiyo nimempa dada. Zuberi anabaki na hatia yake, bahasha amepokea, hilo sisafishi. Lakini siku anayopotea kuna mwanamke anatoka Magomeni kwa miguu, anakwenda kukaa kwenye benchi ya polisi kati, anaulizwa wewe ni nani kwake, anajibu. Siku hiyo mji wote unamzungumzia Mondlane, askari hawana muda na karani. Kesho yake anarudi. Nimeandika kurasa tano za mtu anayesubiri kwenye benchi, na najua kabisa mhariri atasema mwendo umelala, hii ni riwaya ya kusisimua, bi mwalimu, nani atasoma benchi? Labda ana haki. Nimeisoma tena jana, nami nikapiga miayo ukurasa wa tatu. Lakini ule wa nne sitautoa hata nikiambiwa.

Nikamsomea baba usiku. Alisikiliza kafumba jicho la kushoto, lile la ukungu, kama anavyofanya akitaka kuona vizuri, japo hapakuwa na cha kuona. Nilipomaliza akauliza swali moja.

“Huyo dada anaitwa nani?”

Nilikuwa sijampa jina. Tukakaa tunatafuta. Yeye alitaka Mwanahawa, mimi Zainabu. Baba Neema akapita na sanduku analopanga nguo za Dodoma akasema nyie mna kazi kweli, mtu anahama nyumba hii mnajadili jina la mtu asiyekuwepo. Tukamwambia angoje kidogo. Ni Mwanahawa.

Na ile sentensi? Ipo. Leo asubuhi nikisahihisha karatasi imepita tena, safari hii kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayemenya chungwa na kusema neno lolote. Inawezekana hakuwa na maana yoyote. Hilo nalo halinipi raha, kwa sababu zangu.

Nilitaka niandike zaidi kuhusu ule ukingo wa mviringo, ila mdogo wangu kapiga simu sasa hivi. Kulwa ananyonya vizuri, Doto tangu jana mchana anashika kidogo anaachia, analala. Muuguzi kawaambia wamkamulie kwa kijiko na wamweke kifuani apate joto. Mama anasema ni kawaida ya mapacha, wa pili huchelewa. Nimeuliza mkojo, nimeuliza kama analia kwa nguvu, naambiwa analia “kiasi”. Kiasi ndiyo nini? Nimemwambia wasisubiri kuche, warudi naye hospitali usiku huu, na mimi natafuta basi la saa kumi na mbili. Karatasi za mock nitasahihishia njiani.