Jinsi nilivyorudisha gigabaiti sita za RAM kutoka kwenye kurasa kubwa

Seva yetu kubwa ina RAM ya 512 GB. Ukiandika `free -h` ikiwa haina kazi yoyote, jumla inayosomeka ni 503 hivi. Kijana mmoja aliyekuwa mgeni kitengoni kwetu aliitazama skrini, akaniuliza, "Kaka, hizi tisa zimeliwa na nani?" Nililipenda sana swali lile, kwa sababu watu wengi huzoea tofauti hiyo na kuipita. Jibu lake ndilo lililotuwezesha kuongeza mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva) bila kununua RAM mpya.

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, hugawa kumbukumbu katika kurasa za 4 KB, na kwa kila ukurasa hutunza rekodi iitwayo `struct page`: unatumiwa kwa kazi gani, wangapi wanauelekeza, uko kwenye orodha ipi. Kwenye prosesa za x86 za biti 64, rekodi moja ina baiti 64. Fanya hesabu: ni sehemu moja ya 64 ya RAM yote, yaani asilimia 1.56. Kwa 512 GB ni 8 GB. Kwa terabaiti moja ni 16 GB. Nafasi hiyo hukatwa mapema mashine inapowaka, kabla ya kuhesabiwa MemTotal, ile jumla ya RAM inayosomeka, kwa hiyo haionekani hata kama matumizi. Ile gigabaiti ya ziada hugawanwa na firmwea na kerneli yenyewe.

Seva hii kazi yake ni kubeba mashine pepe za KVM (uwezo wa Linux wa kuendesha mashine hizo), na kumbukumbu za mashine hizo tunazitoa kwenye akiba ya kurasa kubwa za 2 MB. Sababu ni ya kawaida. Prosesa ina kasha dogo, TLB, linalokumbuka tafsiri za anwani, na nafasi zake ni chache. Ukurasa wa 2 MB hutumia nafasi moja pale ambapo kurasa ndogo zingehitaji 512. Majedwali ya kurasa nayo hupungua: kila ukurasa wa 4 KB hudai ingizo la baiti 8, kwa hiyo mashine pepe ya 64 GB ingehitaji 128 MB za maingizo hayo peke yake. Kwa kurasa za 2 MB inatosha 256 KB.

Ungetarajia basi kwamba na zile rekodi za `struct page` zingepungua. Hazipungui. Ukurasa mkubwa bado una rekodi 512, moja kwa kila kipande chake cha 4 KB, na rekodi hizo zinachukua 32 KB, yaani kurasa ndogo nane. Taarifa za maana ziko mwanzoni kabisa, kwenye rekodi ya kichwa na chache zinazoifuata. Zilizobaki zote zinasema neno moja: kichwa changu ni kile pale. Ni kama viwanja 512 vilivyounganishwa kuwa kimoja, lakini masjala ya ardhi bado inatunza majalada 512, na karibu yote ndani yana karatasi moja iliyoandikwa "tazama jalada la kwanza".

Aliyelishughulikia jambo hili ni Muchun Song, akiwa kwenye kampuni ya ByteDance, na kazi yake iliingia kwenye Linux 5.14 mwaka 2021. Wazo lake mpaka leo linanifurahisha nikilifikiria. Rekodi za kurasa hukaa kwenye eneo la anwani liitwalo vmemmap, na eneo hilo lenyewe hupitia majedwali ya kurasa kama anwani nyingine yoyote. Ikiwa kurasa saba kati ya zile nane zina maandishi yaleyale, hakuna haja ya kuwa na nakala saba. Kerneli huziacha anwani zote nane zilivyo, ila inazielekeza zote kwenye ukurasa mmoja halisi, na zile saba za mkia inazifungulia kusoma tu. Msimbo mwingine wa kerneli unaendelea kusoma rekodi ya 300 au ya 500 bila kujua kwamba kuna kilichobadilika. Kurasa halisi zilizobaki zinarudi kwa mgawaji wa kumbukumbu kutumika kwa kazi nyingine. Toleo la kwanza lilirudisha sita kati ya nane, na baadaye ikafika saba. Kwa kurasa za 1 GB ni zaidi: kati ya kurasa 4096 za rekodi hubaki moja tu.

Kabla ya kugusa hilo nilianza na upotevu mkubwa zaidi, na ningemshauri yeyote aanze hapohapo. Akiba yetu ilikuwa imewekwa karibu 480 GB na mtu aliyekadiria kwa tahadhari. Ukurasa mkubwa ulioko kwenye akiba haushikiki na kazi nyingine: hauwezi kuwa kasha la faili, hauwezi kwenda kwenye swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM), unakaa tu. Nilifuatilia `HugePages_Free` (kurasa zilizo wazi) na `HugePages_Rsvd` (zilizo wazi ila zimeshaahidiwa) kwenye `/proc/meminfo` kwa muda mrefu wa kutosha kuona kazi za mwisho wa mwezi, na ikaonekana wazi kwamba kuna kipande ambacho hakikuguswa hata siku ya mzigo mkubwa. Nikaishusha akiba mpaka 448 GB, kurasa 229,376. Hapo peke yake 32 GB zilirudi kwa mwenyeji, yaani seva yenyewe.

Ndipo nikaja kwenye rekodi. Tunatumia Debian 12 yenye kerneli 6.1, na uwezo huu umo tayari ila haujawashwa. Ushahidi uko kwenye `dmesg`, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, mstari unaosema:

`HugeTLB: 28 KiB vmemmap can be freed for a 2.00 MiB page`

Mstari huo unaeleza kinachowezekana tu, hauthibitishi kwamba kimefanyika. Kuwasha ni kuongeza `hugetlb_free_vmemmap=on` kando ya `hugepages=229376` kwenye `/etc/default/grub`, kuendesha `update-grub`, kisha kuwasha mashine upya. Ipo pia njia ya kuwasha bila kuzima, kwa `vm.hugetlb_optimize_vmemmap=1` kwenye sysctl (mipangilio ya kerneli inayobadilishwa mashine ikiendelea), lakini hiyo inagusa kurasa zitakazotengwa baada ya hapo tu; zilizokwisha kutengwa zinabaki na rekodi zao zote. Kwa kuwa akiba yetu hutengwa mwanzoni kabisa, kile kigezo cha GRUB, kinachosomwa mashine inapowaka, ndicho kilichotufaa.

Hesabu ya karatasi ilisema kurasa 229,376 mara 28 KB ni 6.125 GB. Mashine ilipowaka niliilinganisha MemTotal na ya kabla yake, na tofauti ilikuwa gigabaiti sita na kidogo, kama ilivyopaswa. Yule kijana ndiye aliyeisoma, na furaha yake ilinifurahisha kuliko hizo gigabaiti. Mashine pepe tatu za 2 GB zinaingia hapo.

Tulijadili pia kuhamia kurasa za 1 GB, ambako kati ya kila 16 MB za rekodi hubaki 4 KB tu. Tungepata karibu 0.9 GB zaidi. Lakini mashine zetu nyingi ni za 1.5 GB na 2.5 GB, na kila moja ingelazimika kupandishwa hadi gigabaiti kamili, kwa hiyo nusu gigabaiti ingepotea kwa kila mashine. Faida ile ingeliwa na mashine mbili tu. Mwenye mashine chache kubwa, kwa mfano hifadhidata moja ya mamia ya gigabaiti, mimi ningemwambia achague 1 GB bila kusita.

Gharama zipo. Mashine inachelewa zaidi kuwaka, kwa kuwa anwani za rekodi za kila ukurasa mkubwa zinaelekezwa upya. Matoleo ya baadaye ya kerneli yanafanya kazi hiyo kwa mafungu na yamepunguza muda huo. Kutenga na kuachia kurasa kubwa wakati mashine inaendelea kunakuwa kuzito pia, kwa hiyo anayezitenga na kuziachia mara kwa mara afikirie vizuri. Akiba isiyobadilika, iliyotengwa wakati wa kuwaka, haisikii kitu.

La kuzingatia zaidi ni kupunguza akiba. Ili ukurasa wa 2 MB uvunjwe kuwa kurasa ndogo, kerneli inahitaji rekodi zake zote 512 tena, yaani ipate kwanza 28 KB, na kwenye toleo letu izipate kwenye nodi ileile ya NUMA, yaani fungu la RAM lililo karibu na prosesa moja. Tulilijaribu hili makusudi kwenye seva ya majaribio: tukajaza RAM kwa programu, swapu ikiwa imezimwa, kisha tukaandika namba ndogo kwenye `nr_hugepages`. `HugePages_Total` haikushuka kiasi tulichoagiza, na `HugePages_Surp` ikapanda. Kurasa zilikuwa tupu, ila zilikosa pa kuandikia rekodi, zikabaki kwenye akiba kama ziada. Kurudisha 16 GB ni kuvunja kurasa 8192, na kazi hiyo kwa jumla inadai 224 MB za rekodi. Siku hizi, kabla ya kupunguza akiba, tunasoma kwanza `MemFree` ya kila nodi kwenye `/sys/devices/system/node`, na kazi yenyewe tunaifanya katikati ya mwezi, mzigo ukiwa mdogo.