Siku Moja Maishani Mwangu: Mfagiaji wa Barabara Siku ya Mbio za Kabaka

Jumapili ya mbio za kuadhimisha kuzaliwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda nchini Uganda, saa tisa usiku huwa nimekwisha kuamka. Nilizaliwa Goma, ninaishi Kampala, na riziki yangu ni ufagio. Wengi hudhani kwamba mfagiaji huokota takataka tu, ilhali sehemu kubwa ya kazi hii ni mitaro, na mwezi wa Aprili ni mwezi wa mvua.

Kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili tulifagia barabara ya Kabaka Anjagala yote, kutoka lango la Lubiri, kasri la Kabaka, hadi Bulange, jengo la bunge la Buganda, kupitia mzunguko wa Nantawetwa, ambao katikati yake kuna njia anayopita Kabaka peke yake.

Saa moja barabara ilijaa watu waliovaa fulana za mbio. Fedha za fulana hizo huenda kwenye afya: miaka ya mwanzo zilisaidia wanawake wenye fistula, baadaye wagonjwa wa selimundu, kisha mapambano dhidi ya Ukimwi. Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II alizaliwa tarehe 13 Aprili 1955, na alikuwa bado mtoto baba yake alipofukuzwa nchini mwaka 1966. Mwaka uliofuata falme zikafutwa, zisirudi hadi 1993. Kwa hiyo wazee wanapomwona hawaoni mfalme tu, wanaona kilichokwisha kupotea kikarudi. Alipotokea kupunga bendera, akina mama waliokuwa karibu nami walipiga magoti juu ya lami wakisema, "Wangaala Ssabasajja!" yaani, uishi maisha marefu, Kabaka! Lami hiyo nilikuwa nimeiondolea changarawe kwa mkono wangu, na nilifurahi sana kwamba hakuna goti lililochubuka.

Wakimbiaji wa kilomita 5 walipoanza kurudi, ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Chupa za maji zilitapakaa kila mahali, na vijana wanaouza plastiki kwa kilo walizoa zilizokuwa barabarani, wakatuachia zilizoanguka mtaroni. Kijana mmoja aliyekuwa akipiga picha na wenzake alitupa chupa yake ndani ya mtaro niliokuwa nimetoka kuuzibua. Nilimwomba kwa adabu aiokote. Akanijibu, "Mama, si ndiyo kazi unayolipwa?" Nilimweleza kwamba chupa hiyo mvua ikinyesha itashuka hadi mtaa wa Katwe, itaziba mitaro, maji yaingie katika nyumba za watu, na zisizoziba zitafuata mfereji wa Nakivubo mpaka Ziwa Victoria. Alicheka, akaendelea na picha zake. Niliingia mtaroni, tope likanifika magotini, nikaitoa pamoja na nyingine nyingi zilizokuwa zimeshikana na mifuko na majani, mgongo ukiniuma kila nilipoinama. Kuvaa picha ya Kabaka kifuani na kuchafua barabara yake si heshima, na hilo ningemwambia hata leo.

Baada ya hapo sikuangalia tena saa. Lori la taka lilichelewa sana, mifuko ikarundikana kando ya barabara, mbwa wakaanza kuichana, nasi tukafagia upya palepale tulipokuwa tumemaliza. Lilipofika, wingu lilikuwa limekwisha kutanda. Tulipakia haraka bila kuzungumza, na matone ya kwanza yalipoanguka mtaro ulikuwa wazi na maji yakapita.

Kesho zamu yangu ni Katwe, saa kumi alfajiri.