Nilivyoitambua sonona, na kilichonipeleka kwa daktari

Katika kipindi chote nilichougua sonona, ule ugonjwa wa akili ambao Kiingereza huuita depression, sikulia. Ndiyo sababu naandika haya. Mtu anayengoja machozi ndipo aamini kwamba anaumwa anaweza kungoja mpaka hali ikawa mbaya sana, kwa sababu kwa wengi wetu ugonjwa huu hauji kama kilio. Unakuja kama ukavu.

Kwangu ulianzia kwenye usingizi. Kulala nililala bila shida, ila saa tisa usiku macho yalikuwa wazi na akili imeshaanza safari: neno nililomwambia mtu miaka mingi iliyopita, kazi niliyoifanya ikakosolewa, aibu ndogondogo ambazo hakuna mwingine anayezikumbuka. Kulipokucha ndipo mwili ulipokuwa mzito kuliko muda wote, halafu kufikia jioni napata nafuu kidogo. Baadaye daktari aliniambia kwamba kuamka mapema mno na kuzidiwa zaidi asubuhi ni mambo anayoyasikia mara nyingi kwa wagonjwa wa sonona. Wapo pia wanaolala kupita kiasi, na wanaokula sana badala ya kukosa hamu ya kula. Mimi nilipungua uzito bila kukusudia.

Maumivu nayo yalikuwepo. Mgongo, kichwa, kifua kubana. Sonona hukaa mwilini kama inavyokaa moyoni, na kuna watu wanaozunguka kutafuta tiba ya mgongo kwa muda mrefu kabla ya mtu kuwauliza wanalalaje na wanajisikiaje.

Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka vizuri. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja nimeshaivaa, nyingine ninayo mkononi. Nilijua kinachofuata: kuvaa ile soksi, viatu, kutoka. Mkono haukuinuka. Sikuwa na wazo lolote zito wakati ule, nilikuwa naitazama tu soksi, naona nyuzi zilizochakaa kisiginoni, mpaka simu ya kazini ikaita na nikaiacha iite. Aliyeniona angesema ni uvivu. Lakini mvivu hufurahia kukaa, na mimi sikuwa nafurahia kitu.

Hapo ndipo penye kiini cha ugonjwa huu, kwa maoni yangu, kuliko hata huzuni. Mtoto wa dada yangu alinipigia kuniambia amefaulu mtihani aliokuwa akiuhofia. Nampenda mtoto yule mno. Nikatamka kila kinachopaswa kutamkwa: hongera sana, umetupa furaha, tutakupongeza vizuri. Nilikuwa najisikiliza nikiyasema, na ndani yangu hakuna kilichosogea. Nilipokata simu niliogopa. Nilijua kwamba hilo halikuwa jambo la kawaida kwangu.

Nimewahi kufiwa na baba, kwa hiyo huzuni naijua. Huzuni ya msiba ilikuwa inakuja kama mawimbi: linakupiga, linarudi nyuma, katikati mnacheka mkikumbuka vituko vya marehemu. Na katika majonzi yale sikujichukia. Safari hii hapakuwa na kupanda wala kushuka, na juu yake kulikuwa na sauti iliyoniambia kwamba mimi ni mzigo kwa kila anayenifahamu, kwamba wangepumua vizuri zaidi bila mimi. Nilikuwa naiamini kabisa. Sauti hiyo haijitambulishi kuwa ni ugonjwa, inaongea kama ukweli wako mwenyewe.

Nilidhani labda ni msongo wa kazi. Nikapata likizo. Kazi ikawa mbali, kelele zikaisha, na uzito ukabaki palepale. Msongo mara nyingi hulegea kinachousababisha kikiondoka. Huu haukulegea.

Dada yangu ndiye aliyelisema wazi. Nilimjibu kama nilivyokuwa nikiwajibu wote: "Dada, ni uchovu tu, mimi mzima."

"Uchovu gani huu usioisha kwa kulala?" akaniuliza. "Mdogo wangu, nimekaa na wewe tangu asubuhi, hujaniuliza hata swali moja. Twende ukaonwe. Nitakaa nje nikusubiri."

Hakuniambia nijikaze. Hilo namshukuru nalo mpaka leo, kwa sababu mtu mwenye sonona ameshajikaza mpaka nguvu zimemwishia. Hakunitajia wenye shida kubwa kuliko zangu. Aliniombea, na akanisindikiza hospitali. Dua na dawa havigombani.

Daktari alianza na karatasi yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo, hali ya moyo, usingizi, nguvu, kula, kujiona hufai, kushindwa kutuliza akili, kupungua kasi au kutotulia, na mawazo ya kufa. Kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haizidi 27, na kuanzia 10 kwenda juu ni ishara kwamba mtu anahitaji kuchunguzwa vizuri zaidi. Alinieleza kwamba karatasi peke yake haitoi jibu. Akaagiza vipimo vya damu, maana upungufu wa damu au tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, inayofanya kazi kwa uvivu vinaweza kumchosha mtu na kumkosesha raha kwa namna inayofanana sana na hii. Akaniuliza pia kama nimewahi kuwa na kipindi cha nguvu za ajabu, kulala kidogo bila kuchoka, kutumia fedha ovyo, kuongea bila breki. Swali hilo nililishangaa, kumbe lina maana kubwa: wapo ambao hali yao hupanda na kushuka, na dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kuwavuruga.

Kisha akaniuliza waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Watu huogopa kuuliza hivyo wakidhani watampandikizia mtu wazo. Mimi swali lile lilinipa pa kupumulia. Nikamwambia kwamba sijapanga kitu, ila mara nyingi nalala nikitamani nisiamke. Akasema nimefanya vizuri kulitaja, kwa sababu hata hilo linahesabika.

Kama unasoma haya ukijiona humu, hiki ndicho kipimo ninachokitumia mimi. Hamu ikiwa imekufa, au moyo ukiwa mzito sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku kwa wiki mbili, nenda ukaonwe. Usingoje zitimie ikiwa umeanza kushindwa kazi, kujihudumia au kuwatunza wanaokutegemea, au ikiwa pombe ndiyo imekuwa ya kukufikisha jioni. Na mawazo ya kujiua yakija, hasa kama umeanza kuwaza namna, hilo ni la leo hii. Mwambie mtu aliye karibu, asikuache peke yako, vitu vya hatari viondolewe mahali ulipo, na mwende idara ya dharura ya hospitali iliyo jirani. Hakuna atakayekulaumu kwa kumwamsha usiku.

Matibabu yangu yalikuwa dawa na ushauri nasaha. Wengine, hali ikiwa nyepesi, hupona kwa ushauri peke yake. Wiki za mwanzo za dawa zilikuwa ngumu: kichefuchefu, mdomo kukauka, na nafuu bado haijaonekana. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na kwamba hali ikizidi kuwa mbaya katika muda huo nirudi mara moja. Nafuu haikuja kama furaha. Kwanza nililala mpaka alfajiri. Dada akasema ninaongea kwa kasi yangu ya zamani.

Mshauri naye hakunitaka nisubiri hamu. Alinitaka niandike kitu kidogo cha kufanya kesho, chenye saa yake, nikifanye hata kama sijisikii: kuoga, kutembea kidogo, kumjibu mtu mmoja ujumbe. Mwanzoni niliona ni mambo ya kitoto. Ila hamu ilirudi kwa njia hiyo, nyuma ya matendo, wala si mbele yake.

Nilipojisikia mzima nilitaka kuacha dawa. Daktari akakataa, akaeleza kwamba kwa kawaida mtu huendelea nazo angalau miezi 6 baada ya kupata nafuu, kisha zinapunguzwa taratibu chini ya uangalizi, kwa sababu kuacha ghafla huleta usumbufu na kuukaribisha ugonjwa urudi.

Sonona huweza kumrudia aliyewahi kuugua, kwa hiyo mimi na dada tumeandika dalili zangu za mwanzo, kila mmoja ana nakala: kuamka saa tisa, kuacha simu ziite, kujibu bila kuuliza chochote. Zikionekana mbili kwa pamoja na zisiondoke, tumekubaliana kwamba hatanisikiliza nikisema ni uchovu. Ataomba miadi, na tutakwenda wote.