Buenos Aires, kwenye jengo lililopunguzwa kulia na kushoto

Nilivuka na boti asubuhi kutoka Colonia, Uruguay, na huo mto wa La Plata ni mpana mpaka ng'ambo huioni, maji yake rangi ya udongo. Baada ya saa moja na kitu tukawa Buenos Aires. Balaa lililovuruga huu mji nalo lilikuja kwa maji, katikati ya Mei 1810 meli za Waingereza zilileta magazeti kwamba Wafaransa wameshaingia mpaka kusini mwa Hispania na ile serikali ya muda ya huko imevunjika. Mfalme wa Hispania, Fernando VII, alikuwa mateka wa Napoleon toka 1808. Sasa Cisneros, gavana mkuu wa Hispania hapa Buenos Aires, aliyeteuliwa na hiyo serikali ambayo haipo tena, anatawala kwa idhini ya nani?

Toka bandarini nikakata kwa miguu mpaka uwanja wa Plaza de Mayo, baridi ya kwao hiyo usiombe. Cabildo, yaani jengo la baraza la mji, ni leupe na dogo kuliko nilivyodhani, matao matano tu. Kumbe yalikuwa 11, mwaka 1889 wakabomoa matatu wapitishe barabara, 1931 wakabomoa mengine matatu upande wa pili kwa barabara nyingine! Jengo lenye historia yote hiyo wanalimega kama mkate jamani.

Nikapanda juu kwenye roshani inayotazama uwanja. Mei 22 waliitwa mkutanoni humu watu kama 450, wenye majina yao mjini, wakafika kama 250. Askofu Lué akasema madaraka yabaki kwa Wahispania, wakili Castelli akamjibu mfalme hayupo, kwahiyo madaraka yanarudi kwa wananchi. Gavana akapigiwa kura atoke. Baraza likaleta janja, Mei 24 likaunda kamati mpya na mwenyekiti ni nani? Cisneros huyohuyo! Wanamgambo na watu wa mjini wakagoma, kesho yake kwenye kiti hicho akakaa Saavedra, kamanda wa wanamgambo.

Kilichonichekesha ni kwamba hao waliomtoa gavana wa mfalme waliapa kwa jina la mfalme. Mji wa Montevideo, ng'ambo ya mto, hawakudanganyika, baraza lao likakataa kuwatambua. Mimi naona ule ulikuwa ujanja wa kununua muda, maana uhuru wenyewe walikuja kuutangaza Julai 9, 1816, tena sio hapa, ni mji wa Tucumán, zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, na tiketi nimeshakata.